Bei ya intaneti na TV imepandishwa katikati ya mkataba: naweza kutoka bila faini?

MamaNasra, Coventry
Alhamisi 20 Machi 2025, saa 10 alfajiri

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Naandika nikiwa kazini, zamu ya usiku. Nimemaliza daku, wazee wamelala, na nimepata nafasi ya kushika simu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwisho wa mwezi uliopita. Mume wangu ananiambia niliache lipite, lakini roho yangu inakataa.

Agosti mwaka jana nilichukua kifurushi cha intaneti na TV kwa pamoja, mkataba wa miezi 24, pauni 41 kwa mwezi. Kijana aliyeniuzia kwa simu alinitamkia kwa kinywa chake: "Mama, hii bei ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho." Nikamwamini. Sasa tarehe 27 Februari imeingia barua pepe inasema kuanzia tarehe 1 Aprili nitalipa pauni 47.50. Yaani wameongeza pauni 6.50 kwa mkupuo mmoja.

Najua kuna watakaosema pauni sita si kitu. Kwa mwaka ni pauni 78. Mimi kazi yangu ni kulea wazee: kuwainua kitandani, kuwaogesha, kuwabadilisha nguo. Hata kwa kima cha chini kipya cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa sita za mgongo wangu, na hapo kodi haijakatwa. Mtu hawezi kunichukulia saa sita kwa barua pepe ya mistari minane.

Juzi nikapiga simu. Nimesubiri dakika 35 ule muziki wao unazunguka, akaja binti akaniambia, ukitaka kuondoka leo, faini ya kuvunja mkataba ni pauni 389. Hakuniuliza hata kwa nini nataka kuondoka. Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, jirani yangu ananiambia niende benki nikafute tu Direct Debit, ile ruhusa ya kampuni kukata pesa kila mwezi kwenye akaunti yangu, wakikosa pesa watakata wenyewe na habari itaishia hapo. Ni kweli? La pili, kuna njia yoyote ya kutoka bila kulipa hizo 389? Nasra wangu ana mitihani ya GCSE mwezi wa tano, na masomo yake yote ya marudio yako kwenye intaneti. Siwezi kukaa hata siku tatu bila laini nyumbani. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko hata pesa.

Naomba mwenye kujua anisaidie.

---

Mkisauni, Luton
20 Machi, saa 1 asubuhi

Waalaykum salaam mama Nasra, pole na zamu.

Swali la pili nawaachia wajuzi. La kwanza nitakujibu mimi maana nimelilipia: usifute Direct Debit. Nakuomba sana.

Mwaka 2021 nilikuwa napanga chumba Bury Park, hapa hapa Luton. Intaneti ilikuwa inakatika kila jioni, nikapiga simu mara nne, fundi haji. Nikakasirika, nikaingia kwenye programu ya benki, nikaifuta Direct Debit kwa kidole kimoja, nikahama nyumba. Nilijiona nimewakomesha. Kumbe mkataba uko pale pale, unaendelea kuhesabu. Barua zikawa zinakwenda nyumba ya zamani na mimi sizioni. Miezi saba baadaye napigiwa simu na kampuni ya kukusanya madeni, nadaiwa pauni 214.

Nililipa. Lakini deni lilikuwa limeshaandikwa kwenye rekodi yangu ya mikopo kuwa nimeshindwa kulipa, na alama hiyo hukaa miaka 6 hata ukilipa. Mwaka jana nimetafuta nyumba ya kupanga na familia, mawakala wawili wamenikataa baada ya kuangalia rekodi. Nimesimama na mke wangu na mtoto mgongoni nje ya ofisi yao, kisa laini ya intaneti ya pauni 26.

Kufuta malipo si kuvunja mkataba. Benki haijui habari za mkataba wako, inajua kutuma pesa au kutotuma. Lipa kama kawaida huku unadai haki yako.

---

BiZuhura, East Ham
20 Machi, saa 3 usiku

Mwanangu mama Nasra, tumeshafungua, nimesoma habari yako nikiwa na kikombe cha chai. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kituo cha simu cha kampuni ya mawasiliano, nikiwa upande ule ule aliokuwa yule binti wa pauni 389. Kabla sijakwambia lolote naomba unitazamie vitu viwili, kwa utulivu, usiharakishe.

Kwanza, tafuta kwenye barua pepe zako za Agosti karatasi inayoitwa muhtasari wa mkataba. Ni fupi, haizidi kurasa chache, na sheria inawalazimisha kukupa kabla hujakubali. Ndani yake kuna sehemu ya bei. Niandikie hapa neno kwa neno wanasema nini kuhusu kupanda kwa bei.

Pili, hiyo barua ya Februari isome mpaka chini kabisa. Isome na viambatanisho vyake. Je, kuna mahali wamesema una haki ya kuondoka? Na tarehe gani?

Yale maneno ya kijana wa simu kwa sasa yaache. Yana thamani, unaweza kuomba wakupe sauti iliyorekodiwa siku ile, lakini hiyo ni njia ndefu. Tuanze na karatasi.

---

MamaNasra, Coventry
Ijumaa 21 Machi, saa 5 asubuhi

Bi Zuhura, shikamoo. Kaka Mkisauni, ahsante, nimekusoma mara mbili na programu ya benki sijaigusa.

Nimeikuta ile karatasi. Ilikuwa kwenye kisanduku cha barua pepe za matangazo, sijawahi kuifungua. Inasema bei ya kifurushi ni pauni 41 na "itaongezeka kwa pauni 3 kila tarehe 1 Aprili". Kwa hiyo yule kijana alinidanganya mchana kweupe, maana pauni 3 zilikuwemo tangu mwanzo. Nimejisikia vibaya kwamba nimeweka saini kitu ambacho sikukisoma.

Halafu barua ya Februari. Kwenye mwili wa barua wameandika pauni 3 "kama ilivyo kwenye mkataba wako" na pauni 3.50 "kwa ajili ya kuboresha chaneli". Mimi nilikuwa nimesoma hapo tu. Leo nimefungua kiambatanisho, kurasa mbili. Ukurasa wa pili, chini ya anwani ya kampuni na namba zao za usajili, kwa herufi ndogo ambazo nimezikuza kwa vidole viwili ndipo nikazisoma: kama sikubaliani na mabadiliko ninaweza kusitisha huduma bila kulipia kuvunja mkataba, mradi niwaarifu kabla ya mwisho wa tarehe 29 Machi.

Leo ni tarehe 21! Zimebaki siku nane. Mikono inanitetemeka hapa. Kwa nini yule binti hakuniambia?

---

BiZuhura, East Ham
21 Machi, saa 9 alasiri

Marahaba mwanangu. Usitetemeke, siku nane zinatosha na zinabaki.

Binti yule alikuambia anachokiona kwenye skrini. Mteja akisema "nataka kuondoka", mfumo unapiga hesabu ya miezi iliyobaki, unatoa kodi na gharama wanazookoa, unamletea namba. Hauulizi unaondoka kwa sababu gani. Sababu inabidi uiseme wewe, kwa maneno yanayojulikana. Nimekaa kwenye kile kiti, na ninajua watu wangapi walikata simu kama wewe, na haki yao iko mkononi.

Sasa sikiliza kanuni yenyewe. Ofcom, ambao ndio wasimamizi wa mawasiliano Uingereza, wanasema hivi: kampuni ikibadilisha mkataba kwa namna inayomwumiza mteja, lazima imwarifu angalau mwezi mmoja kabla, na imwambie kwamba ana haki ya kutoka bila faini. Lakini kama ongezeko lilikuwa limeandikwa wazi kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, hayo si mabadiliko, ni mkataba wenyewe unatekelezwa. Ndiyo maana pauni 3 peke yake zisingekutoa. Kama barua ingesema pauni 44, ningekwambia lipa, vumilia mpaka Agosti 2026.

Hiyo pauni 3.50 ndiyo mlango wako. Haimo kwenye muhtasari. Na kwa kuwa intaneti na TV viko kwenye kifurushi kimoja na mkataba mmoja, haki ya kutoka inashika kifurushi kizima, si TV peke yake. Wakijaribu kukwambia "tutakutoa chaneli lakini intaneti inabaki na mkataba", usikubali.

Ukipiga simu usiseme "nataka kuvunja mkataba". Ukisema hivyo wanakupeleka kwenye faini. Sema: "Nimepokea taarifa yenu ya tarehe 27 Februari. Sikubali mabadiliko ya bei. Natumia haki yangu ya kuondoka bila malipo kama mlivyoiandika ukurasa wa pili." Andika kwenye karatasi usome, hakuna aibu. Usikate simu mpaka akupe namba ya kumbukumbu na barua pepe ya kuthibitisha kwamba faini ni sifuri. Ukiweza tumia chati badala ya simu, maana chati inabaki, unaihifadhi nzima.

Watakupeleka kwa kitengo cha kubakiza wateja. Hao ni watu waungwana sana, na kazi yao ni hiyo. Watakupa punguzo. Huenda likawa zuri kweli. Swali lako liwe moja: "Nikikubali, mkataba mpya wa miezi 24 unaanza leo?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, na ukishakubali ile haki ya tarehe 29 imekwisha.

Na Nasra asikose intaneti. Tangu Septemba 2024 kuna utaratibu unaitwa One Touch Switch. Huhitaji kuipigia kampuni ya zamani ili ihamishe laini, unazungumza na kampuni mpya tu. Wanachukua jina lako, anwani na jina la kampuni uliyonayo, ya zamani inakutumia ujumbe wa kukueleza nini kitatokea na kama kuna faini, nawe unakubali au unakataa. Siku ya kuhama ikifika moja inazimwa nyingine inawaka, na wala hulipi mara mbili kwa kipindi cha notisi.

Kuna mitego miwili. Ukianza kwa kampuni mpya kabla hujadai haki yako, ule ujumbe utakuja na zile 389, maana mfumo haujui. Kwa hiyo kwanza dai haki, pata barua pepe, ndipo uhame. Na siku ya kuzimwa usikubali wakuwekee kesho: waambie laini ikae mpaka mpya iwake. Mtego wa pili, One Touch Switch inahamisha intaneti na simu ya nyumbani. TV haihamishi. TV unaisitisha mwenyewe kwenye mazungumzo yale yale, na hakikisha wameitaja kwenye barua pepe, la sivyo utaendelea kukatwa pesa ya chaneli ambazo huna hata king'amuzi cha kuzionea.

---

BabaWanjiru, Leeds
21 Machi, saa 2 usiku

Bi Zuhura, niruhusu niulize hapa hapa. Mimi mkataba wangu ni wa Mei 2023, pauni 30, miezi 24. Hauna pauni tatu wala nne, unasema bei itapanda kila Aprili kwa mfumuko wa bei na asilimia 3.9 juu yake. Mwaka jana ikaenda 32.37, sasa wameniambia 34.44. Nina mlango kama wa mama Nasra?

---

BiZuhura, East Ham
Jumamosi 22 Machi, saa 4 asubuhi

Huna, mwanangu, kwa sababu hesabu yao ni ile iliyoandikwa. Mfumuko wa Desemba 2023 ulikuwa asilimia 4.0, ukiongeza 3.9 ni 7.9. Desemba 2024 ulikuwa 2.5, jumla 6.4. Piga kalamu utaona namba zako zinatoka sawasawa. Na shukuru hukusaini mwaka mmoja nyuma, waliokuwa na mikataba hiyo Aprili 2023 walipigwa asilimia 14.4.

Mtindo huo Ofcom wameukataza kwa mikataba mipya tangu tarehe 17 Januari 2025. Sasa kampuni lazima iandike ongezeko kwa pauni na senti kabla hujasaini, ili mtu wa kawaida aone. Lakini marufuku haikurudi nyuma kushika mikataba ya zamani kama wako.

Ila tazama kalenda! Miezi 24 kutoka Mei 2023 inaisha Mei hii. Kati ya siku 40 na siku 10 kabla ya mwisho lazima wakutumie taarifa kwamba mkataba unaisha na bei itakuwa ngapi baada ya hapo. Usikae baada ya hapo hata mwezi mmoja bila kutafuta bei mpya. Wengi wetu tuna mikataba iliyokwisha miaka mitatu iliyopita na bado tunalipa bei ya juu tukidhani tumefungwa.

---

Kipepeo_Mbagala
22 Machi, saa 8 mchana

Nawasoma kutoka Dar. Huku king'amuzi unalipia kabla, mwezi ukiisha chaneli zinakatika, ukipata hela unarudisha, hakuna wa kukudai. Bei ikipanda tunalalamika na kushuka kifurushi cha chini. Sikujua kwamba huko mtu anaweza kukaa na deni la kitu ambacho hakitaki tena. Mungu akufanyie wepesi dada, na mtoto afaulu.

---

UmmuIlyas, Leicester
22 Machi, saa 5 usiku

Mama Nasra, samahani nikuulize jambo la ndani kidogo, usijibu kama hutaki. Nyumbani kwenu mnapokea Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, hata kidogo? Kama ndiyo, kabla hujakimbilia kampuni mpya yoyote, uliza kama wana bei ya nafuu kwa wanaopokea msaada wa serikali. Kampuni nyingi kubwa wanayo, nyingi ziko kati ya pauni 12 na 23 kwa mwezi, na hawaitangazi kwenye mabango. Mimi nililipa pauni 36 kwa miaka miwili nikiwa na haki ya kulipa 15, nikaja kuambiwa na mwalimu wa shule ya mwanangu. Wenye viza zisizoruhusu msaada wa serikali hii haiwahusu, nasema ili mtu asije akajiingiza matatani.

Na ukiacha TV ya kulipia, kumbuka leseni ya TV bado ipo kama mnatazama chaneli za moja kwa moja kwa antena. Kuanzia Aprili hii ya 2025 bei yake ni pauni 174.50 kwa mwaka. Usije ukaifuta ukidhani ni kitu kimoja.

---

MamaNasra, Coventry
Jumanne 25 Machi, saa 11 jioni

Nawaandikia nikisubiri magharibi, sufuria ya shurba iko jikoni.

Leo ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Saa tano asubuhi nimekaa mezani na karatasi ya Bi Zuhura nimeiandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa. Nasra hayupo, yuko shule, lakini aliniachia kompyuta yake imefunguliwa kwenye chati ya kampuni. Nimeandika sentensi zile zile. Mtu wa kwanza akajibu: faini yako ni pauni 371. Imeshuka kwa sababu wiki imepita. Nikaandika tena sentensi zile zile, nikaongeza: "Ukurasa wa pili wa taarifa yenu, tarehe ya mwisho 29 Machi." Kukawa kimya dakika sita. Naona vile vidoti vitatu vinakuja vinaondoka.

Akaja mwingine. Huyu mpole, ananiita kwa jina. Akasema watanirudisha kwenye pauni 39, chini hata ya nilipoanzia, na chaneli zote zibaki. Wallahi moyo ulicheza. Nilifikiria mpira wa baba Nasra. Nikauliza lile swali: mkataba mpya unaanza? Akajibu ndiyo, miezi 24 kuanzia leo, na pauni 3 kila Aprili.

Nikamwambia hapana, ahsante. Naondoka na vyote viwili, intaneti na TV, na naomba iandikwe.

Barua pepe imeingia saa sita na dakika ishirini. Nimeisoma kwa sauti peke yangu jikoni. "Malipo ya kusitisha mapema: £0.00." Huduma zote mbili zimetajwa. Laini wataiacha mpaka tarehe 8 Aprili. Nimehifadhi chati nzima na nimeipiga picha na simu pia, maana siamini kompyuta.

UmmuIlyas, dada yangu, ndiyo tunapokea, kidogo, inabadilika kila mwezi kwa sababu ya zamu zangu. Sikujua kabisa habari hiyo. Kesho napiga simu.

---

BiZuhura, East Ham
25 Machi, saa 3 usiku

Mwanangu, hapo kwenye pauni 39 ndipo wengi huanguka. Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu.

Bado bili ya mwisho. Iangalie vizuri, maana anayetoa barua pepe na anayetoa bili hawakai chumba kimoja. Ikija na faini usipige simu ya kugombana. Tuma malalamiko rasmi, tumia neno hilo hilo "malalamiko", ambatanisha barua pepe ya sifuri. Wasipomaliza ndani ya wiki nane (ndivyo kanuni ilivyo sasa, 2025), au wakikuandikia kwamba wamefika mwisho, unapeleka kwa msuluhishi. Kila kampuni lazima iwe mwanachama kwa mmoja kati ya wawili, Communications Ombudsman au CISAS, na wewe hulipi senti.

---

MamaNasra, Coventry
Jumamosi 12 Aprili, saa 2 usiku

Narudi kama nilivyoahidi mtu kwa faragha, maana wengine wana barua kama yangu mikononi.

Tumehamia kwenye bei ya nafuu ya kampuni nyingine, pauni 20 kwa mwezi, bila faini ya kutoka. Waliniuliza namba yangu ya National Insurance, wakahakikisha wenyewe, dakika kumi tu. Ujumbe wa One Touch Switch ulikuja kwenye simu, faini sifuri, nikakubali. Tarehe 8 asubuhi ya zamani ilizimika saa tatu na nusu na mpya ikawaka kabla ya saa tano. Nasra alikuwa nyumbani, alikaa kwenye zulia anaitazama ile taa ya ruta inavyopepesa rangi ya chungwa, ilipogeuka nyeupe akapiga kelele nikaja mbio nikidhani ameungua.

Kasi si ile ya mwanzo. Wawili wakitazama video na wa tatu akipakua mchezo, inasuasua. Kwa masomo inatosha. Baba Nasra mpira anakwenda kuangalia kwa kaka yake Foleshill, na chaneli za kawaida tunapata kwa antena.

Bi Zuhura, uliona mbali. Juzi bili ya mwisho imekuja na pauni 371. Moyo ulishuka mpaka miguuni, lakini sikupiga simu. Nilituma malalamiko kwa maandishi kama ulivyosema, na ile barua pepe ya sifuri, na picha za chati. Leo mchana wamejibu: ni kosa, limeondolewa. Ninachodaiwa ni pauni kumi na ushei za siku nane za Aprili, na hizo ni halali yao, zitakatwa tarehe 22. Direct Debit sijaigusa mpaka hapo.

Kaka Mkisauni, miaka yako sita inaisha lini? Nakuombea.

Ruta yao ya zamani na king'amuzi viko mlangoni kwenye boksi walilotuma, wasiporudishiwa wanatoza. Nasra ameandika anwani kwa mkono wake, napeleka posta Jumatatu nikitoka zamu, na risiti nitaichukua.